Đồng bào: mayai mia, mfuko mmoja

Mvietnamu ukimuuliza kwa nini wananchi wenzake anawaita đồng bào, mara nyingi atakujibu kwa hadithi. Lạc Long Quân, wa ukoo wa joka la majini, alimwoa Âu Cơ, mwanamke wa milimani. Akajifungua mfuko wenye mayai 100, yakatoka watoto 100. Ndoa haikudumu: watoto 50 wakaondoka na mama kwenda milimani, 50 wakashika njia ya bahari na baba. Na kwa kuwa đồng ni "moja" na bào ni mfuko wa uzazi, taifa zima limetoka mfuko mmoja.

Hadithi tamu. Lakini mtu anayefukua asili za maneno kama mimi hawezi kuishia hapo, maana neno lenyewe ni la Kichina, 同胞. Hapo zamani lilihusu ndugu wa tumbo moja hasa, wa damu. Karne ya 11 mwanafalsafa Zhang Zai akalipanua: watu wote, aliandika, ni ndugu zangu wa namna hiyo. Wakorea nao wanalo, dongpo, na Wajapani dōhō, wala hakuna Âu Cơ kwenye hadithi zao.

Hata nyumbani Vietnam mayai hayakupewa kiti cha mbele. Tarikhi ya mwanahistoria Ngô Sĩ Liên ya mwaka 1479 inasema walizaliwa wavulana 100. Mayai yanatajwa pembeni tu, kama masimulizi ya watu. Kwa maoni yangu, neno lilifika kwanza kama mgeni, hadithi ikalikaribisha kwa sababu ya ule mfuko, na leo mgeni anaonekana mzaliwa.

Tarehe 2 Septemba 1945, pale Ba Đình, Hanoi, Ho Chi Minh alilianza tangazo la uhuru kwa "Hỡi đồng bào cả nước", yaani "Enyi đồng bào wa nchi nzima". Tafsiri za kamusi hapa hupwaya. Mimi ningeandika "Ndugu wananchi", na Mtanzania angeisikia sauti ya redio papo hapo.

Siku hizi neno limepinda tena. Vietnam inatambua makabila 54, na mtu wa mjini akisema người đồng bào, "mtu wa đồng bào", mara nyingi anamaanisha watu wa makabila madogo ya milimani. Wale waliokwenda na mama.