Simu, presha ya uzazi na wanawake weusi wa Marekani: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Wanaokufa kwa uzazi ni maskini na wasiosoma, na umaskini hautibiwi kwa simu.

Umaskini upo, lakini hauelezi yote. Mwaka 2023 Marekani ilirekodi vifo 50.3 vya akina mama weusi kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa Wazungu vilikuwa 14.5. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 na CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ulionyesha kwamba mwanamke mweusi mwenye shahada alikuwa na hatari ya kufa kwa uzazi mara tano hivi ya Mzungu mwenye shahada, na alimzidi hata Mzungu ambaye hakumaliza sekondari. Serena Williams, bingwa wa tenisi, pamoja na fedha na jina lake, alipojifungua mwaka 2017 ilibidi asisitize kwa wahudumu ndipo akapigwa picha iliyoonyesha damu imeganda mapafuni.

Kwa hiyo kuna mambo mawili zaidi ya mfuko: mama kusikilizwa, na mama kufuatiliwa akishatoka hospitali. La kwanza simu hailitengenezi. La pili inaliweza, na vizuri sana.

Dhana: Tiba mtandao, yaani huduma ya afya kwa simu au intaneti, ni kuongea na daktari kwa video tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna video hata kidogo. Mama aliyepata presha ya mimba haponi siku anapojifungua. Kifafa cha mimba na kiharusi vinaweza kumpata siku kadhaa baadaye, akiwa nyumbani ananyonyesha. Ndiyo maana chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kinataka presha yake ipimwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, kisha tena kati ya siku ya 7 na ya 10. Sasa mwambie mwenye mshono, kichanga mkononi na kazi isiyompa likizo yenye malipo apande basi kwenda kliniki kupimwa kwa dakika tano. Asipotokea, faili linaandikwa "hakuhudhuria", kana kwamba ni mzembe.

Huko Philadelphia, madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliligeuza jambo: mama anaondoka na mashine ya presha, anatumiwa meseji mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, naye anajibu kwa namba alizozisoma. Zikiwa juu, anatafutwa. Matokeo ya utafiti wao wa wanawake 206 yalitoka mwaka 2018. Waliotumiwa meseji, asilimia 92 walipatikana na kipimo ndani ya siku kumi. Walioambiwa warudi kliniki, asilimia 44 tu. Walipotenganisha takwimu kwa rangi, ikaonekana kwamba miongoni mwa wa kliniki wanawake weusi waliorudi walikuwa theluthi moja, na wasio weusi asilimia 70 hivi. Kwa meseji, makundi yote mawili yalivuka asilimia 90.

Tusikuze mambo: kilichopimwa pale ni kupatikana kwa kipimo, si idadi ya vifo. Lakini wanawake kama hao wanaoitwa wazembe walijibu, mara tu walipoondolewa safari.

Dhana: Bila Kiingereza, huduma hii si yako.

Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inalazimika kisheria kukupa mkalimani bure, hata kwa simu au video. Mama wa Kikongo aliyepewa makazi Kentucky au Texas ana haki ya kudai wa Kiswahili, na lugha yake iandikwe kwenye faili. Kumtumia mtoto wa darasa la tano kutafsiri habari za damu ya uzazi hakuruhusiwi, isipokuwa kwa dharura ambayo mkalimani hapatikani.

Dhana: Siku hizi kila mtu ana intaneti.

Mpango wa serikali uliopunguza bili ya intaneti kwa dola 30 kwa mwezi ulikufa Juni 2024 kwa kukosa fedha. Mtandao ukikusumbua, omba miadi ya sauti tu.

Dhana: Mashine haina ubaguzi.

Hapa nasisitiza. Kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kinaweza kumdanganya mwenye ngozi nyeusi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2020 kwamba kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya Wazungu. Ukihema kwa shida huku kinasoma 94, amini pumzi yako. Mashine ya presha nayo, mkanda wake ukiwa mdogo kwa mkono wako, husoma juu kuliko hali halisi. Omba wa saizi yako kabla hujatoka wodini.

Na namba ya juu ya presha ikifika 160, au ya chini 110, au kichwa kikiuma vibaya, au macho yakiona ukungu, usingoje meseji. Piga 911, namba ya dharura ya Marekani, na uwaambie umejifungua lini.