Wafuasi elfu kumi sio watu wako elfu kumi

Kuna hii imani mjini kwamba ukiwa na wafuasi wengi Instagram basi una watu, yani siku ukikwama simu zitaita. Wapi! Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, alishasema tangu miaka ya 1990 kwamba binadamu anaweza kushika uhusiano wa kueleweka na watu kama 150 hivi, na Facebook inakuruhusu marafiki 5,000, sasa hao wengine ni akina nani kama sio watazamaji?

Ila na wale wanaosema mitandao haijengi undugu kabisa nao wanakosea. Cheki grupu la WhatsApp la mtaa kule Mbagala au Kimara, mtu kafiwa jioni, saa hiyohiyo inatupiwa namba ya mweka hazina afu orodha inaanza kukopiwa, kila anayetoa anaongeza jina lake chini, mama Asha 5,000, baba Juma ahadi (na ahadi za magrupu tunazijua wenyewe), asubuhi turubai lishafungwa na kina mama wako jikoni. Hapo kinachofanya kazi sio wingi, ni kwamba wanajibizana kila siku na usipoonekana unaulizwa.

Kwahiyo ukitaka watu, jibu komenti ya mtu kama unamjibu yeye, sio emoji ya moto kwa kila mmoja, mfuate inboksi umuulize yule mtoto aliyekuwa anaumwa anaendeleaje, siku ukipita Kariakoo mpigie mnywe hata chai. Grupu ambalo admini peke yake ndo anaposti hilo ni ubao wa matangazo tu.