Uonevu Shuleni Si Ugomvi wa Watu Wawili

Imani iliyozoeleka ni kwamba mwanafunzi akimwonea mwenzake, dawa ni kuwaita wote wawili ofisini, kila mmoja aeleze upande wake, kisha wapeane mikono. Njia hiyo inafaa kwa ugomvi, yaani pale wenye nguvu zinazolingana wanapokosana. Uonevu ni jambo jingine. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuuchunguza katika miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: kitendo hukusudiwa kuumiza, hurudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa za kujitetea, na nguvu hizo si za misuli tu, bali hata za umri, wingi wa marafiki au umaarufu darasani.

Hapo ndipo suluhu ya kupeana mikono inapokwama. Mtoto ambaye daftari lake hufichwa kila asubuhi, na ambaye darasa zima huguna anaposimama kusoma, akiketishwa mbele ya kiongozi wa kundi hilo atasema "yamekwisha", kwa sababu anajua kwamba kengele ya kutoka italia na mwalimu hatakuwapo njiani. Inasikitisha kwamba neno hilo la woga huhesabiwa kuwa upatanisho.

Shule inapaswa kumsikiliza kila mmoja peke yake, wakiwemo waliokuwa wakitazama na kucheka, kumhakikishia usalama aliyeonewa, kumwajibisha mwonevu bila kumdhalilisha, kuwashirikisha wazazi, na kuendelea kufuatilia kwa wiki kadhaa, kwa kuwa utulivu wa siku moja hauthibitishi kwamba uonevu umekoma.