Setibeki siyo hifadhi ya barabara jamani

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mtu ambaye kashapandisha msingi kabisa: "Mimi setibeki nimeacha ya kutosha, toka kwenye lami mpaka ukuta wa nyumba ni hatua kumi na mbili." Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakunywa chai yake, ila hapa naongea.

Setibeki ni nafasi unayotakiwa kuiacha wazi kati ya mpaka wa kiwanja chako na nyumba, mbele, pembeni na nyuma. Basi. Mita ngapi, angalia masharti ya kibali chako cha ujenzi, na ghorofa ngapi unaruhusiwa utaiona hukohuko.

Sasa hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara yenyewe, ni mnyama mwingine kabisa. Hiyo inapimwa kuanzia katikati ya barabara, kwa barabara kuu na za mikoa zilikuwa mita 22.5 kila upande, halafu Sheria ya Barabara ya 2007 hapa Tanzania ikaja kusema mita 30, ndo mana tukaona zile X zinachorwa kwenye nyumba za kubomolewa, nyekundu kwa aliyeifuata barabara na kijani kwa aliyefuatwa nayo, huyu wa kijani ana haki ya fidia. Ardhi hiyo siyo yako hata kama umepanda migomba miaka ishirini. Setibeki ni yako, imo kwenye hati, umeilipia na kodi unailipia, ila tu huruhusiwi kuijengea nyumba. Kwa hiyo mtu akikwambia "kaacha setibeki" wakati fensi yenyewe ipo ndani ya hifadhi, huyo hajaacha chochote, kaongeza.

Na neno lenyewe linajieleza, kwa Kiingereza ni kurudi nyuma, na anayerudi nyuma hapo ni nyumba, wala siyo barabara. New York mwaka 1915 walimaliza jengo moja linaitwa Equitable, ghorofa 38 zimenyooka toka chini mpaka juu bila kujivuta hata kidogo, likatupa kivuli mtaa mzima, watu wakalalamika weee, mwaka uliofuata mji ukatunga sheria kwamba jengo likifika kimo fulani lianze kurudi ndani kadiri linavyopanda, ndo yale majengo yao ya zamani yenye umbo la ngazi. Unaona? Ilikuwa habari ya mwanga na hewa, kupanua barabara hakukuwemo kabisa. Hata kwetu ile nafasi ya pembeni ipo ili dirisha lako lisichungulie sufuria ya jirani, na moto ukitokea usivuke kirahisi.

Yule rafiki yangu simlaumu sana, hata mafundi wengi wanaongea hivyohivyo. Ila kabla hajapandisha tofali za juu achukue futi, aitafute bikoni yake ya mbele, lile jiwe la mpaka wa kiwanja, apime kuanzia pale kuja ndani. Lami aiache.