Mpasuko wa Mdomo na Maneno Yanayosemwa Kuhusu Kushoto na Kulia

Mama anayevuka ziwa kutoka Ukerewe kumpeleka hospitali ya Bugando, Mwanza, mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo wa juu, ule ambao wengi huuita mdomo sungura, aghalabu hufika akiwa ameshaambiwa mengi, na sehemu ya hayo huhusu upande ambao mpasuko umetokea.

Lugha yetu huuita mkono wa kulia mkono wa kuume, na pengine ndipo lilipopata nguvu lile neno kwamba mpasuko wa kulia umetoka ukoo wa baba na wa kushoto umetoka kwa mama. Neno hilo si kweli, na lina dhuluma ndani yake, kwa kuwa mpasuko wa upande mmoja hutokea kushoto takriban mara mbili zaidi kuliko kulia, hivyo anayelifuata atawalaumu akina mama mara mbili zaidi bila haki yoyote. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, wakati wanawake wengi ndio kwanza wanagundua kuwa wana mimba. Urithi huchangia, lakini huweza kutoka kwa mzazi yeyote, na upande hauonyeshi ni yupi.

Wengine huogopa kwamba mpasuko wa kushoto, kwa kuwa uko upande wa moyo, hufanya dawa ya usingizi kuwa ya hatari. Moyo wa mtoto hupimwa kwa sababu zake wenyewe, uwe mpasuko uko kushoto au kulia. Kinachoangaliwa kabla ya upasuaji ni afya yake kwa jumla: kwa kawaida awe na umri wa miezi 3 hivi, uzito usiopungua kilo 4.5, na damu ya kutosha.

Dhana inayohitaji maelezo marefu zaidi ni kwamba daktari hushona upande ulioathirika tu, na kwamba wa kulia, kwa kuwa ni nadra, una upasuaji wa namna yake. Sivyo. Upande mzima, yaani usio na mpasuko, ndio kipimo: daktari hupima kwa bikari ndogo urefu wa mdomo upande huo, huweka alama za wino, kisha hujaribu kuufikisha upande wa pili kwenye urefu uleule. Katika mbinu ya daktari wa upasuaji Ralph Millard wa Marekani, iliyoanza kujulikana katika miaka ya 1950 na ingali msingi wa mbinu nyingi, sehemu iliyo upande mzima huzungushwa kushuka chini, na ile ya upande wa mpasuko husogezwa kujaza nafasi iliyobaki. Msuli uliokatika huunganishwa, na pua nayo hurekebishwa, kwa sababu bawa lake huwa limelala upande wa mpasuko huku ncha ya ukuta wa kati ikivutwa upande mzima. Kwa mpasuko wa kulia hatua ni zilezile, zikigeuzwa kama katika kioo. Ugumu uliopo ni wa mazoea ya mkono na jicho, kwani madaktari hukutana zaidi na wa kushoto, na alama za wino husaidia hapo.

Mpasuko wa pande zote mbili ndio unaobadilisha kazi kwelikweli. Hakuna upande mzima wa kupimia, na ukiwa umepita hadi kwenye ufizi, kipande cha katikati hujitokeza mbele na ngozi yake haina msuli wake. Kwa hiyo si sahihi kuuhesabu kama mipasuko miwili ya kawaida.

Mzazi anayetuma taarifa kwa simu kabla ya safari akumbuke kuwa kushoto ni kushoto kwa mtoto, si kwa anayemtazama usoni, na kwamba kamera ya mbele katika baadhi ya simu huigeuza picha. Ni salama zaidi kuandika: mpasuko uko upande wa mkono wake wa kushoto, umefika au haujafika kwenye tundu la pua, na kaakaa limefunga au liko wazi.