Leseni ya tiba ya usemi Marekani: yanayosemwa na yaliyomo katika sheria

Mtaalamu wa tiba ya usemi anayefanya kazi kwa mikataba Marekani anahamahama. Mikataba mingi ni ya wiki 13: leo yuko shuleni Texas, miezi michache baadaye yuko hospitalini California akimfundisha mzee aliyepata kiharusi jinsi ya kumeza bila kupaliwa. Kigugumizi ni kigugumizi popote, lakini ruhusa ya kukitibu inatolewa na jimbo. Hakuna leseni ya Marekani nzima kwa fani hii. Kila jimbo lina sheria yake, ada zake na muda wake wa kujibu. Sisi tunaozungumza Kiswahili huku tunapotoshana zaidi kwa sababu wengi wetu tuna ndugu wauguzi, na tunadhani yao na yetu ni mamoja.

"Siku hizi leseni moja inafanya kazi majimbo yote, kama ya wauguzi"

Hii ndiyo inayoponza wengi. Muuguzi anayeishi katika jimbo lililomo kwenye mkataba wa wauguzi baina ya majimbo anaweza kupewa leseni ya majimbo mengi, akavuka mpaka na kuanza kazi bila kuomba upya. Fani yetu nayo ina mkataba wa majimbo, unaofahamika kwa kifupi ASLP-IC, na zaidi ya majimbo 30 yameshaupitisha. Ila utaratibu wake ni mwingine. Kwanza uwe na leseni kamili ya jimbo unaloishi. Kisha, kwa kila jimbo mwanachama unalotaka kufanyia kazi, unaomba kibali na kukilipia. Ukishakipata unafuata sheria za jimbo hilo, si za kwenu.

Jimbo la nyumbani ni lile lenye makazi yako ya kudumu, siyo lile ulilopanga chumba kwa ajili ya mkataba. Na bunge la jimbo kupitisha sheria hakumaanishi kwamba vibali vinatoka kesho yake, maana jimbo lazima kwanza liunganishe mifumo yake ya kumbukumbu na ya ukaguzi wa FBI. California, yenye kazi nyingi za mikataba, haikuwa imejiunga hadi nilipoangalia mara ya mwisho. Huko bado unaomba leseni nzima. Angalia tovuti ya ASLP-IC yenyewe kabla ya kusaini chochote. Tena ujue kwamba leseni yako ya nyumbani ikiwekewa vikwazo vya kinidhamu, vibali vyote vilivyoitegemea vinaanguka pamoja nayo.

"Nina CCC, leseni ni karatasi tu"

CCC ni cheti cha umahiri kinachotolewa na ASHA, chama cha kitaifa cha wanataaluma. Kukipata si mchezo: shahada ya uzamili, saa 400 za mafunzo ya vitendo, mtihani wa Praxis, na kipindi cha kazi chini ya msimamizi kisichopungua wiki 36. Majimbo mengi hukubali cheti hicho kama ushahidi kwamba umetimiza masharti, na maombi yako yanakuwa mepesi. Lakini ASHA si serikali. Kumwona mgonjwa kwa CCC bila leseni ya jimbo ni kuvunja sheria.

Vivyo hivyo kwa waliosomea nje. ASHA ina makubaliano ya kutambuana na vyama vya Uingereza, Kanada, Australia, Ireland na New Zealand, na hata hayo yanahusu cheti tu. Hakuna chama cha Afrika Mashariki humo, kwa hiyo aliyesomea Kampala au Nairobi lazima shahada yake itathminiwe kwanza.

"Wakala atamaliza kila kitu"

Wakala mzuri wa ajira anasaidia kweli, na baadhi hurudisha ada. Lakini mwombaji ni wewe, na mwenye kuulizwa ni wewe. Bodi nyingi za leseni za majimbo zinataka uthibitisho kutoka kila jimbo ulilowahi kupata leseni, hata iliyokwisha muda miaka iliyopita, na mara nyingi zinataka utumwe moja kwa moja na bodi iliyokutolea. Ukishapita majimbo matano, hizo ni ofisi tano za kuzisubiri.

Halafu kuna majina, jambo ambalo mawakala wachache wanalifikiria. Chuo kiliandika majina yako matatu, leseni ya udereva ina mawili, na pasipoti ilifanya jina la babu kuwa la ukoo. Faili linakwama hapo kimya kimya. Andaa nyaraka za kueleza tofauti hiyo mapema, na uandike majina kwa mpangilio uleule kila mahali. Alama za vidole nazo zina mambo yake: California huchukua kwa mashine za Live Scan zilizoko ndani ya jimbo, aliye nje anatuma kadi, na kadi isiyosomeka inarudishwa.

Shuleni, katika baadhi ya majimbo, kuna ngazi ya pili. Texas, leseni ya jimbo inatosha kufanya kazi katika shule ya umma. California mara nyingi unahitaji pia kibali cha tume inayosimamia vyeti vya walimu.

"Nikishaipata leseni, nimemaliza"

Texas na California zote huhuisha leseni kila miaka miwili, lakini Texas inataka saa 20 za mafunzo endelevu, California 24. ASHA inataka saa 30 kwa miaka mitatu. Kozi moja inaweza kuhesabiwa kote, ila masharti ya ndani yanatofautiana: Texas, kwa mfano, inadai pia mafunzo ya kuzuia biashara haramu ya binadamu. Tunza vyeti vyote mahali pamoja, na kila unapohama wape bodi zote anwani mpya. Barua ya kukumbusha ikienda kwenye nyumba uliyohama, leseni inakufa huku wewe ukiendelea kuhudumia watoto, na vipindi ulivyofanya baada ya hapo ni vya mtu asiye na leseni.

"Kwa video naweza kumtibu yeyote"

Leseni inayohitajika ni ya jimbo alipo mgonjwa, siyo ulipo wewe. Na hili linauma, kwa sababu simu tunazopigiwa ni za shida za kweli: mama wa Kikongo yuko Louisville, Kentucky, mtoto wa miaka minne hajaunganisha maneno mawili, na hakuna mtaalamu jirani anayejua Kiswahili. Bila ruhusa ya Kentucky huwezi kumtibu, hata bure.

Unachoweza kumwambia mama ni kwamba sheria ya shirikisho ya elimu maalumu, IDEA, inamwezesha kuiomba wilaya ya shule imfanyie mtoto tathmini, hata kabla hajaanza darasa la kwanza. Tathmini hiyo inatakiwa ifanywe katika lugha ya mtoto, isipokuwa pale inapokuwa dhahiri kwamba haiwezekani. Mama akishatia saini idhini, wilaya ina siku 60, au muda uliowekwa na jimbo. Aombe kwa maandishi, na abaki na nakala yenye tarehe. Kentucky imo kwenye mkataba wa majimbo. Kama jimbo lako nalo limo, anza kuulizia kibali wiki hiyohiyo.