Landrova za jeshi: yanayosemwa vijiweni Mombasa na yaliyo kweli

Siku niliyokwenda Changamwe kuitazama landrova ambayo nusura iwe yangu, dalali alikuwa ameshaiosha, kaipaka kijani cha jeshi, na chini kaipiga lami nyeusi ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. "Hii ni alumini, bwana. Haijui kutu." Nikatoa arbuni kabla sijainama kuchungulia chini. Arbuni ile haikurudi, na mengi ya haya ninayoandika nimeyajua kwa pesa hizo.

"Landrova ni alumini, haishiki kutu"

Nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayouza magari. Landrova ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ndipo kampuni ya Rover ikaunda bodi kwa mchanganyiko wa alumini. Lakini chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, ni chuma. Ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma. Hata milango, ngozi yake ndiyo alumini, fremu ya ndani ni chuma.

Tena alumini ikigusana na chuma palipo na maji ya chumvi, mahali pale pageuka kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Utaona rangi imefanya malengelenge kuzunguka ribiti na bolti. Ukikwangua kwa ukucha unatoka unga mweupe. Gari lililolala Nakuru miaka kumi na lililolala Kisauni miaka kumi si umri mmoja. Kusi likivuma, chumvi tunayoifuta kwenye vioo vya madirisha ndiyo hiyo hiyo inayoingia kwenye matundu ya chesisi.

Na chesisi huoza kutoka ndani. Ni boksi lenye uwazi katikati. Matope na maji ya chumvi hukaa humo, na nje rangi bado nzuri. Fundi mmoja mzee wa Magongo ndiye aliyenifundisha, baada ya maji kumwagika. Alichukua nyundo ndogo akawa anagonga polepole kuanzia mbele, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza moyo. Ting, ting, ting. Kufika karibu na springi za nyuma ikawa dup. "Umesikia, mwanangu?" Akanipa bisibisi. Niliisukuma kwa kiganja tu ikazama hadi mpini, na vipande vya kutu vikamwagika kama majani ya chai. Chini ya lami palikuwa na kiraka cha bati kilichochomelewa juu ya kiraka kingine.

Basi gonga mhimili wa nyuma kabisa, gonga mikono inayoshika bodi pembeni, gonga kila springi inapofungwa. Dalali akikataa nyundo, nenda zako ukanywe kahawa.

Jambo dogo linalowapiga chenga hata wajuzi: sumaku. Kwa magari mengine tunapitisha sumaku kutafuta palipojazwa puti. Isiposhika, pana puti. Kwenye mabati ya nje ya landrova haishiki, maana ni alumini. Hapa mambo yamegeuka: ikishika kwenye bawa la mbele, yaani bati linalofunika tairi, ujue bawa la asili liliondoka na fundi kakata bati la chuma akaweka.

"Hii ni jipu ya Vita vya Pili vya Dunia"

Kiswahili kimetupa neno moja, jipu, kwa gari na kwa uvimbe wenye usaha, na walionunua wasichokijua hawaoni ajabu.

Ni kweli kwamba meli za kivita za Waingereza zilihamia Kilindini mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo. Tangu hapo kila gari kuukuu la pwani lina hadithi ya babu. Lakini jipu za vita, yaani Willys MB na Ford GPW, zaidi ya 600,000 zilizoundwa kati ya 1941 na 1945, zilitoka kiwandani zote na usukani kushoto. Yenye usukani kulia ama imebadilishwa, ama si yenyewe. Kisha hesabu matundu ya wima kwenye grili: za vita karibu zote zina tisa, za kiraia zilizokuja baadaye zina saba. Zunguka nyuma. Ya vita haina mlango wa kushusha; bati ni moja, na hapo ndipo tairi la akiba na debe la petroli hufungwa. Ukiona mlango wa nyuma, unatazama gari la shambani lililovishwa kijani.

Wahindi nao, kupitia Mahindra, waliziunda jipu za mtindo wa Willys kwa miongo mingi, na ni magari ya maana. Mwenye nayo aiuze kwa jina lake na bei yake.

"Gari la jeshi limetunzwa"

Lilitunzwa, ndiyo, huduma kwa ratiba, oili kwa tarehe. Kisha likasimama. Kilomita chache kwenye dashibodi humfurahisha mnunuzi, kumbe sili za mpira hukauka kwa kukaa, tangi hushika kutu ndani, silinda za breki hukwama. Mimi afadhali gari lililokuwa likibeba madafu kila wiki kuliko lililolala banda moja miaka ishirini.

Jingine ni injini. Jeshini injini ikifa hawangoji ifufuliwe, hutiwa nyingine na kazi inaendelea. Kwa mwanahistoria ni kitu cha kawaida. Kwako wewe, namba ya injini isipolingana na logibuku huwezi kubadilisha umiliki mpaka ulinyooshe hilo kwanza. Lala chini na tochi usome namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako, si kwenye picha ya simu uliyotumiwa. Rangi nayo vilevile: gari likiandikwa jeupe na wewe ukalipaka kijani, taarifa zibadilishwe. Madoadoa ya vita na alama za vikosi waachie wenyewe.

"Nitaagiza Uingereza, kule wanauza rahisi"

Kule wanauza kweli. Ila sheria ya Kenya kwa mwagizaji wa kawaida hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, wala lenye usukani kushoto. Landrova ya 1970 itafika Kilindini ikiwa na miaka zaidi ya hamsini. Tunaishi mlangoni mwa bandari, na bado magari haya tunayatafuta bara, kwenye mashamba na minada.

"Volti 24 ni nguvu zaidi"

Landrova nyingi za jeshi zilizofungwa redio hutumia volti 24, betri mbili za 12 zilizounganishwa mfululizo. Sababu ni redio, si mbio. Fundi wa umeme asiyejua atachukua balbu au stata ya kawaida, na utasikia harufu kabla ya kuona moshi. Jipu ya vita ni kinyume chake, volti 6 tu. Kabla ya yote, soma gari lako ni la volti ngapi.

Na spana pia. Landrova za mwanzo zilifungwa nati za vipimo vya Kiingereza, kisha vya inchi vya aina nyingine, na gari moja laweza kuwa na mchanganyiko. Spana ya 13 itaonekana inaingia, mpaka imekula pembe za nati.

"Injini hizi zinataka petroli ya risasi"

Petroli ya risasi, yaani iliyotiwa madini ya risasi, iliondoka kwenye vituo vya Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na landrova zingali zinapanda Mazeras. Risasi ilikuwa ikivilinda viti vya valvu, pale valvu zinapokalia zikifunga, hilo ni kweli, na mwenye kuvuta mizigo mizito masafa marefu akifungua kichwa cha injini atie viti vigumu. Lakini injini ya petroli ya lita 2.25 haigandamizi sana, saba au nane kwa moja tu, kwa hiyo petroli ya kawaida yaitosha. Kinachoiua ni petroli iliyolala tangini mwaka mzima ikawa gundi ndani ya kabureta.

"Hili la jeshi, linapita hata baharini"

Hii ndiyo inayoniuma, maana kila Idi lazima kijana mmoja aitie landrova majini Nyali apigwe picha. Chini ya nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, pana tundu la kumwagia oili inayovuja. Askari kabla ya kuvuka mto walikikaza kizibo chake, na wakishavuka wakakitoa. Magari mengi yanayouzwa leo kizibo hicho hakipo, na mwenye gari hata hajui kwamba kilikuwepo. Kisha difu, boksi la gia lililo katikati ya ekseli, iliyochemka barabarani ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja, ikavuta maji kupitia sili. Wiki ya pili fungua plagi ya difu: oili imekuwa chai ya maziwa. Na ile ilikuwa maji ya chumvi.

Ukishaingia, toka, osha chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, ukague oili zote. Bora usiingie.

Kabla sijasahau: fundi asipulize vumbi la breki za zamani kwa kompresa. Viatu vya breki na klachi za miaka ile vilikuwa na asbesto, na vumbi lake halitoki kwenye mapafu. Lilowesheni, mfute kwa kitambaa cha kutupa.

"Ukilifufua utaliuza kwa faida"

Spea za landrova zinaundwa hadi leo, na Kirinyaga Road kule Nairobi hukosi cha kuanzia, kwa hiyo hofu ya spea si kubwa kama watu wanavyodhani. Kinachomaliza pesa ni kuchomelea, rangi, na kufungua tena kilichofungwa vibaya. Niliyoipata baadaye, kutoka bara, chesisi yake ililia ting mwanzo hadi mwisho, na bado imenigharimu kuliko atakavyonipa mnunuzi yeyote. Daftari la risiti nimelificha kwenye sanduku la betri, mahali ambapo mama watoto hana haja ya kufungua.